Wiki Sita, Ng'ombe Wawili na Mtihani Mmoja



Leo nimefungua barua moja tu, na hiyo ndiyo nitakayoijibu mpaka mwisho. Aliyeiandika anakaa mwendo wa dakika kumi kwa boda kutoka hapa nilipo, na bado akaona heri aniandikie kuliko aje tunywe chai. Namwelewa. Kuna mambo mtu hawezi kuyatoa jikoni kwa mwenzake huku mama mkwe ameketi pale kwenye kigoda anachambua mboga.

Ni mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule moja ya sekondari hapa kwetu Siongiroi, kaunti ya Bomet. Ana miaka 29, mume, mtoto wa mwaka na nusu, na ng'ombe wawili wanaokamwa. Amepata idara moja huko Marekani inayotoa shahada ya uzamili ya takwimu, na mhadhiri wake wa zamani amekubali kumwandikia barua ya mapendekezo. Maombi yanafungwa tarehe 1 Desemba. Kilichobaki ni GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, na nafasi aliyoiona Nairobi iko wiki sita kutoka Jumamosi hii. Bado hajalipa. Anauliza: "Dada, wenzangu wanasema walisoma miezi minne, wengine sita. Mimi huu ni muhula wa tatu, kidato cha nne wananingoja, na saa ninayopata ya kusoma ni ile watu wakishalala. Wakilala, na mimi nimelala. Niache hadi mwaka ujao?"

Usiache, mdogo wangu. Lakini usilipe leo pia. Kwanza fungua ukurasa wa idara yenyewe, siyo wa chuo kizima, utafute wanasema nini kuhusu GRE. Tangu mwaka 2020 idara nyingi za Marekani zimeufuta mtihani huu, na nyingine zimeuacha uwe hiari. Kuna watu hapa nchini wamelipa dola 220, ambazo ukizigeuza ni zaidi ya shilingi 28,000, kwa mtihani ambao hakuna aliyewaomba. Na kama mpango wako wa pili ni kusoma hapa nyumbani, Nairobi au Moi au Kabianga hapo Kericho, hao kwa kawaida wanataka kujua digrii yako ya kwanza ilikuwa ya daraja gani, GRE haiwahusu. Ukiona idara yako imeandika "hiari", jiulize digrii yako inasema nini peke yake. Mwenye daraja la juu anaweza kuuruka. Mwenye daraja la pili la chini, alama nzuri ya hesabu itamtetea mahali ambapo hakuna anayelijua jina la chuo chake.

Tuseme idara yako inautaka. Basi tupige hesabu, maana wewe ni mwalimu wa hesabu na huna haja ya kubembelezwa.

Siku za kazi, saa moja na nusu kwa siku, mara tano. Jumamosi, saa tatu. Jumapili hakuna kitu, ni kanisa na kulala. Hiyo ni saa kumi na nusu kwa wiki. Kwa wiki sita ni saa 63. Sasa toa. Mtoto ataota jino usiku. Kutakuwa na matanga angalau mara moja, na huwezi kukosa kwenda. Stima itapotea. Mwalimu mkuu ataitisha mkutano Jumamosi asubuhi. Mimi ningekuambia uhesabu saa 50, na ukipata ya 51 uichukue kama zawadi. Mtu anayepanga saa 200 akapata 50 hujiona ameshindwa tangu wiki ya pili, akaacha. Aliyepanga 50 akazipata anaingia chumba cha mtihani akiwa amekamilisha kazi yake.

Saa 50 zinatosha kwa mtihani huu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wenyewe umefupishwa. Tangu Septemba 2023 unachukua saa moja na dakika 58. Insha moja ya dakika 30. Lugha, sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Hesabu, sehemu mbili vilevile: maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Alama za lugha na za hesabu zinaanzia 130 hadi 170 kila upande, na insha ina zake kutoka 0 hadi 6. Jibu likiwa kosa hukatwi kitu, kwa hiyo swali lisiloguswa ni pesa umeiacha mezani.

Sasa nikuambie kilichoniuma mimi.

Niliufanya mtihani huu zamani kidogo, ulipokuwa bado unakaribia saa nne. Na mimi nilikuwa mtu wa hesabu, kama wewe. Kila jioni nilikuwa nawasha taa, natoa karatasi, natatua maswali ya aljebra na jiometri, napiga tiki nyekundu kama ninavyowapigia wanafunzi, kisha nalala nikijisikia nimefanya kazi kubwa. Maswali ya lugha niliyaweka "wiki ijayo". Wiki ijayo ilifika nikiwa na siku tisa mkononi, nikaanza kumeza orodha ya maneno ya Kiingereza herufi A. Nilifika herufi D. Siku ya mtihani alama zilipotokea kwenye skrini, hesabu ilikuwa 161 na lugha 144. Nililipa mara ya pili, nikarudia, lugha ikapanda hadi 153 na hesabu ikashuka kwa alama moja. Ile alama moja ndiyo bei ya jioni zote nilizoiacha hesabu ikae, na ningeilipa tena. Mwishowe sikwenda Marekani, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine.

Ninachotaka ukishike ni hiki: muda ukiwa mfupi, kusoma unachokijua ni starehe, na starehe hiyo ina sura ya bidii. Jirani akipita dirishani ataona mwalimu anasoma. Mume ataona mke anasoma. Wewe mwenyewe utajiona unasoma. Alama haitasogea.

Ndiyo maana kazi ya kwanza, kabla hujafungua kitabu chochote, ni kuufanya mtihani mzima. Wenye mtihani, shirika la ETS, wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure kwenye tovuti yao. Inaitwa POWERPREP Online. Fanya wa kwanza Jumamosi hii, mbichi hivyo hivyo, bila kujiandaa, saa ikikimbia. Utaona aibu. Nzuri. Matokeo yake ndiyo yatakayokuambia saa zako 50 ziende wapi. Kwa mwalimu wa hesabu, nakisia lugha itachukua 28, insha 6, hesabu 10, na mtihani wa pili pamoja na kuusahihisha zichukue zilizobaki. Lakini usinifuate mimi, fuata karatasi yako. Mtihani wa pili usiuguse hadi wiki ya tano. Ya bure ni miwili tu, na watu huila yote wiki ya kwanza kama mahindi ya kuchoma.

Halafu chukua daftari la kawaida la kurasa 96. Kila swali ulilokosa liandike humo, na kando yake sababu: sikujua, nilijua nikateleza, nilikimbia, au nilisoma vibaya. Jibu sahihi liache, litakuwa pale pale ukilihitaji. Daftari langu bado ninalo. Ukurasa mmoja wa Jumanne una makosa saba, na matano kati yake yameandikwa "nilisoma vibaya". Moja nilisoma "angalau" nikaelewa "zaidi ya". Jingine waliuliza ni wangapi hawakuja, nikatafuta waliokuja, nikapata, nikafurahi. Kabla ya kuona ukurasa ule nilikuwa naamini tatizo langu ni uwezekano na asilimia. Kumbe lilikuwa macho.

Hesabu yenyewe haizidi mnachofundisha. Hakuna kalkulasi wala trigonometria. Ni hesabu ya kawaida, aljebra, jiometri, na kusoma jedwali na grafu. Hatari kwa mwalimu ni kujiamini. Wanapenda swali moja ambapo unapewa kiasi A na kiasi B, useme kipi ni kikubwa, au viko sawa, au haiwezekani kujua. Tuseme A ni x mara x, B ni x, na umeambiwa x ni kubwa kuliko sifuri. Mwalimu aliyesahihisha karatasi 50 tangu asubuhi atasema A, maana 3 mara 3 ni 9, akapita. Weka nusu. Nusu ya nusu ni robo, na mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani na chupa ya maziwa anajua robo ni ndogo kuliko nusu; B imeshinda. Weka 1, viko sawa. Jibu ni haiwezekani kujua. Basi kabla hujajibu swali la namna hii, jaribu namba za ajabu: 0, 1, nusu, na kama hawajakukataza, hasi 2. Zinachukua sekunde ishirini na zinaokoa alama.

Kikokotoo kitakuwepo kwenye skrini, lakini ni kile cha mama wa duka: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kipeuo cha pili. Kizoee sasa. Mkono uliozoea Casio utapapasa siku hiyo.

Lugha ndiko nitakakokaa na wewe zaidi, maana najua unafikiri Kiingereza chako kinatosha. Kinatosha kufundishia. Kinatosha kuandikia barua. Lakini GRE ina maneno ambayo hata gazeti letu haliyatumii, na zaidi ya maneno ina tabia yake. Nikuonyeshe kwa lugha yetu. Kuna aina ya swali ambapo wanakupa sentensi yenye pengo na maneno sita, uchague mawili ambayo kila moja likiingia, sentensi mbili zinabaki na maana ile ile. Chukua hii:

"Ingawa ng'ombe wake walitoa lita 40 kila siku, mzee yule alikuwa ______, hakuna jirani aliyewahi kuonja hata kikombe."

Maneno: maskini, bahili, mpole, mchoyo, mgonjwa, hodari.

Wengi watavutwa na "maskini", kwa sababu maskini hagawi maziwa. Sasa tafuta pacha wake kati ya yale matano. Hayupo. "Mgonjwa" anaweza kuingia kwa nguvu, na yeye pia hana pacha. "Bahili" na "mchoyo" wamekaa pamoja, na neno "ingawa" mwanzoni lilishakuambia kuwa kinachokuja kitapingana na zile lita 40. Kazi ni hiyo: shika neno linalogeuza sentensi, weka neno lako mwenyewe kwenye pengo kabla ya kutazama yao, kisha tafuta mapacha. Mtu akiielewa tabia hii, maneno asiyoyajua yanapungua uzito. Nimeona mtu akipata swali sahihi akiwa anajua maneno manne tu kati ya sita.

Bado maneno utayasoma. Kumi kwa siku, siku 30, yanakuwa 300, na hayo yanatosha kwa muda ulio nao. Usiyameze kwa herufi kama mimi. Kata makasha ya chaki yawe vikadi, na shuleni hamkosi makasha. Upande mmoja neno, upande wa pili sentensi uliyoitunga wewe kuhusu mtu unayemjua. Mimi neno la "mtu wa maneno mengi yasiyo na kitu" nililiandikia sentensi ya mwanasiasa mmoja wa hapa Chepalungu, na silisahau hadi kesho. Vikadi viweke kwenye mfuko wa aproni. Unapongoja yule wa pikipiki aje kuchukua maziwa ya kupeleka kwenye kiwanda cha kupoza, unavipitia. Hizo dakika kumi za kungoja sikuzihesabu kwenye saa zako 50, kwa hiyo ni faida.

Vifungu vya ufahamu ni vikavu. Kimoja kitakuwa cha wadudu, kingine cha wachoraji wa karne ya 18. Usisome kama unayetaka kujifunza habari za wadudu. Soma ukiuliza: mwandishi anagombana na nani? Karibu kila kifungu kina mtu aliyesema jambo na mwingine anayempinga. Ukishawaona wale wawili, maswali mengi yanajibika.

Insha ina dakika 30. Wanakupa kauli, unasema unakubaliana nayo kwa kiasi gani na kwa nini. Mada zote zinazoweza kutoka ziko wazi kwenye tovuti ya ETS. Andika nne kabla ya siku yenyewe, kwa kupiga chapa, kwenye programu isiyosahihisha tahajia, maana ya siku hiyo haisahihishi. Usiogope kutumia mifano ya huku. Mkulima wa chai wa Konoin anayesubiri bonasi ya Oktoba na mkulima wa maziwa wa Siongiroi anayelipwa kila mwezi ni mfano mzuri wa insha kuhusu fedha za leo na za kesho, na msahihishaji hajausoma mara elfu moja.

Kuna jambo moja la mwendo nataka uliweke akilini. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, alikuwa mkimbiaji wa mizunguko miwili. GRE nayo ni mizunguko miwili, kwa lugha na kwa hesabu vilevile, na kompyuta inautazama mzunguko wa kwanza kabla ya kukupa wa pili. Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi na alama za juu ziko huko. Ukiivuruga ya kwanza, ya pili inakuwa laini, na ulaini huo una dari. Kwa hiyo usipoteze dakika nne kwenye swali moja mwanzoni. Kwa wastani una dakika moja na nusu kwa swali la lugha, na dakika moja na robo tatu kwa la hesabu. Likikukatalia, weka jibu lolote, litie alama, endelea, urudi kabla sehemu haijafungwa. Na siku ukikutana na maswali magumu sehemu ya pili, usife moyo. Huenda ndiyo habari njema.

Sasa saa. Uliniambia unasoma watu wakilala. Acha. Jioni yako imekwisha kutumika: umefundisha, umesahihisha, umepika, umembeba mtoto. Kichwa kinachobaki saa tatu usiku ni makapi. Lala saa tatu hiyo hiyo, na uamke saa kumi alfajiri. Saa kumi hadi saa kumi na moja unusu ni yako, kisha nenda ukakame kama kawaida. Siku tatu za kwanza utanichukia. Simu ya kengele iweke mbali na kitanda. Chai iwe kwenye thamosi tangu jana. Laptopu ichaji shuleni mchana, na vitabu vya bure vya ETS vya marudio ya hesabu uvipakue mapema ukiwa na bando, ili stima ikipotea taa ya sola na karatasi vitoshe.

Mtoto akiamka saa kumi na dakika kumi? Hapo ndipo mume anaingia, na ni lazima umwambie leo. Usimwambie "naomba unisaidie kidogo". Hiyo haina maana yoyote, na kila mtu huielewa anavyopenda. Mwambie: "Kwa wiki sita, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja unusu mtoto ni wako, na Jumamosi asubuhi ng'ombe ni wako." Kazi yenye mwanzo na mwisho watu huikubali. Mama mkwe naye aambiwe, na aambiwe na mwanawe, siyo na wewe. Ukisema wewe ni majivuno; akisema mwanawe ni mpango wa nyumba. Mama mkwe wangu alipoelewa kwamba ni mtihani, alianza kuwafukuza wageni mlangoni kwa ukali ambao mimi singeuthubutu.

Mtu wa tatu ni mwalimu mwenzako. Angalia orodha ya zamu. Kama wiki yako ya zamu inaangukia wiki ya tano au ya sita, badilishana naye sasa, umlipe yako baadaye. Zaidi ya hao watatu usimwambie mtu. Siongiroi ni ndogo. Ukitangaza, kila Jumatatu utaulizwa "unaenda lini Marekani?" kabla hata hujafanya mtihani.

Makaratasi. Jina unalojisajili nalo lilingane na la kitambulisho utakachobeba, herufi kwa herufi. Sisi tuna shida hii kuliko wengi: jina la ubatizo liko mbele kwenye cheti kimoja na nyuma kwenye kingine, na jina la Kikipsigis limeandikwa kwa tahajia mbili na makarani wawili. Pasipoti ndiyo salama kuliko vyote, na kwa vyovyote utaihitaji. Kama huna, anza ombi lake kwenye eCitizen wiki hii, usingoje.

Kuna mtihani wa kufanyia nyumbani pia. Kwako siupendekezi. Ni lazima uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kamera inakutazama, na mtu akiingia wanaweza kuufuta. Una mtoto anayejua kusukuma mlango. Stima yetu unaijua. Nenda Nairobi. Kutoka Bomet kupitia Narok ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo nenda jana yake, ulale kwa ndugu asiye na maneno mengi, na asubuhi ufike nusu saa kabla. Ukiugua au mtoto akilazwa, unaweza kusogeza tarehe kwa kulipa ada ilimradi usiwe umebaki na chini ya siku nne.

Na hesabu ya mwisho, ile iliyonifanya nikuambie usiache hadi mwakani. Ukifanya katikati ya Oktoba, matokeo rasmi yanatoka ndani ya siku 8 hadi 10. Yakiwa mabaya, sheria inakuruhusu kurudia baada ya siku 21, na hiyo bado ni Novemba. Alama unazoziona mbaya si lazima uzitume, unachagua. Zilizo nzuri zinadumu miaka mitano, kwa hiyo hata safari isipowezekana mwaka huu, kazi yako haijapotea.

Wiki ya sita punguza. Soma daftari la makosa tu na vikadi. Siku ya safari usibebe kitabu ndani ya matatu, tazama Narok ikipita.

Kwa sasa, Jumamosi hii saa tatu asubuhi, mtoto akiwa kwa bibi yake, funga mlango ufanye ule mtihani wa kwanza. Kisha niandikie ulipata ngapi lugha. Ya hesabu sitaki kuijua.